Barua Tatu na Mashuka ya Hospitali

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Fedha, Mganga Mkuu, matroni wetu, na nyinyi wagonjwa mnaochungulia madirishani: hamjambo nyote.

KARIBU UWANI

Karibu nyuma ya hospitali, mahali ambapo wageni hawaletwi. Hapa ndipo penye dobi, mahali pa kufulia mashuka yote ya hospitali. Sisi ni wanawake tisa, saba tuna wajukuu. Leo tumesimama kifua mbele, maana banda hili la kuanikia tumelijenga kwa mikono yetu, kwa mabati ya paa la zamani la wodi na vyuma vya vitanda vilivyovunjika.

TULIKOTOKA

Miaka ishirini na sita, hakuna mgonjwa aliyepasuliwa hapa juu ya shuka chafu. Mashine ilipokufa, tulifua kwa mkono. Sabuni ilipopanda bei, tukajifunza kuloweka mapema ili kidogo kitoshe. Shuka likichakaa katikati tunalipasua kwa urefu, tunashona pindo kwa pindo, pachakavu panahamia pembeni, nalo linaanza maisha upya. Kubana matumizi, Mheshimiwa, tulianza kabla ya tangazo lenu.

BARUA TATU

Barua ya kwanza ya serikali ilisema bei zimepanda, matumizi yapunguzwe, dobi lifungwe Ijumaa na kazi apewe mtu wa nje. Tulilia kidogo, kisha tukaapa kwamba hatukabidhi uchafu. Hapo ndipo tulipokosea. Tulivua vitanda vyote siku moja, tukafua kila shuka la hospitali, ili tuondoke na heshima yetu. Mchana mvua ikashuka. Daktari wa upasuaji akaja mbio.

"Bibi, mashuka yako wapi?"

"Kwenye kamba, mwanangu."

"Na mvua hii?"

"Ndiyo, yanaoga mara ya pili."

Hakucheka. Wagonjwa walilalia nguo walizotoka nazo nyumbani, na mama mmoja aliyengoja kupasuliwa ili ajifungue alikaa saa tatu nzima huku tukikausha shuka lake kwa pasi. Alipona, na mtoto sasa anatambaa. Kosa lilikuwa letu, tukaomba radhi wodi kwa wodi.

Jioni ileile ikafika barua ya pili: msifunge, huyo mtu wa nje naye amepandisha bei. Ya tatu ikasema, "Subirini maelekezo." Tumesubiri miezi minane.

Mwenzetu tunayemwita Mama Pasi alisema, "Serikali ni nguo mbichi. Huwezi kuivaa, huwezi kuikunja."

Tukamkemea: "Wewe! Mgeni anakuja!"

"Basi mwandikieni hivyohivyo."

Tumeandika.

TULICHOFANYA TUKISUBIRI

Tulijenga. Mafundi wa hospitali walituchomelea vyuma saa zao za mapumziko, sisi tukabeba mabati kichwani. Tangu banda lisimame, mvua imenyesha itakavyo na hakuna shuka hata moja lililolowa. Daktari yule sasa anapita hapa akipiga saluti. Vigelegele mnavyovisikia ni haki yetu, Mheshimiwa, tuvumilie.

LINALOTUKWAZA

Wenzetu wawili wamestaafu, na hakuna anayeajiriwa penye dobi ambalo huenda likafungwa. Fundi wa mashine naye anasema hatengenezi mashine ya maiti, yaani ya dobi linalongoja kuzikwa. Tunabaki tisa, na migongo yetu unaiona.

Tunajua uzito ulio nao. Redioni wiki hii mnasema mtabana, wiki ijayo mnasema mkibana watu wataumia. Pande zote mbili zina ukweli. Lakini hata nyumbani, sukari ikipanda, mama huamua: chai ya asubuhi tu, au chai bila sukari. Haachi maji yakakauka jikoni akingoja kikao. Methali ya fisi na njia mbili hatutaitaja, kwa kuwa wewe ni mgeni wetu.

OMBI

Ni moja. Tuambie leo: tubaki au tufunge. Ikiwa ni kufunga, tutakabidhi mashuka makavu, yamekunjwa, na banda tutaliacha kwa atakayekuja. Ikiwa ni kubaki, tupe watu wawili na fundi.

Tumefunga utepe mlangoni mwa banda, na mkasi uko mezani. Ukiukata, sisi tutajua umesema tubaki, na kesho asubuhi tutaloweka. Kama bado hujaamua, Mheshimiwa, tunakuomba kwa heshima usiuguse.

Mungu akupe afya, na ukiugua, akulaze juu ya shuka safi.

Ni sisi,
Wanawake wa Dobi la Hospitali.