Moyo wa Fundi Pampu

Benchi lilikuwa nje ya duka la vipuri vya mabomba, mbao moja ndefu juu ya makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Kila asubuhi, kabla kazi hazijachanganya, walikuwa pale watatu wale wale na birika lao la kahawa. Breki, dereva wa lori mstaafu, hakuwahi kuamini breki za mtu mwingine. Redio, kinyozi wa jirani, habari humfikia kabla hazijatokea. Katikati yao alikaa mwenye kijiwe hasa, Fundi Pampu, aliyefufua pampu za maji kwa miaka thelathini. Asubuhi hiyo alikuwa na dumu la maji mapajani na kandambili miguuni, maana viatu vyote vilikuwa vimemkataa tangu wiki iliyopita. Lakini furaha aliyokuwa nayo! Alikuwa amegundua jambo.

— Nimeshaujua ugonjwa wangu, nawaambieni! Daktari kanichorea moyo kwenye karatasi, mimi nikacheka. Nikamwambia, daktari, hii si pampu hii?

— Moyo una pampu ndani? akauliza Redio.

— Moyo wenyewe ndio pampu, bwana! Vyumba vinne, viwili kulia, viwili kushoto. Kulia kunapokea damu iliyochoka, kunaipeleka mapafuni ikachukue hewa. Inarudi kushoto, na kushoto kunaisukuma mwili mzima, puu! mpaka kwenye kucha za miguu. Halafu kuna vali. Damu ikishapita, mlango unafungwa, hairudi. Kazi safi kabisa!

Alitaka kuendelea, pumzi ikamkatikia. Ilimuudhi sana, maana alikuwa bado na mengi ya kusema.

— Sasa ya kwako imepatwa na nini? akauliza Breki.

— Presha. Pampu imesukuma kwa nguvu miaka na miaka, msuli umetanuka, umelegea. Siku hizi inasukuma kidogo tu.

— Basi injini imechemka hiyo! Injini ikichemka unapaki kando, unafungua boneti. Wewe fungua vifungo vya shati, kaa upande wa upepo, utaniambia.

— Upepo wapi! Redio alikuwa ameshasimama. Moyo unachoshwa na habari mbaya. Mimi nawanyoa watu, nawasikia. Habari mbaya ikiingilia sikio la kushoto inashuka moja kwa moja, maana moyo uko kushoto. Ziba pamba sikio hilo, Fundi, mwezi mmoja tu!

— Na miguu iliyovimba nayo imesikia habari? akauliza Breki.

— Miguu aitundike ukutani. Alale kichwa chini, damu irudi yenyewe kwa mteremko!

— Kichwa chini? Breki alijipiga paja. Mtu huyu akilala chali tu anaona anazama! Wiki ya pili hii analala kwenye kiti!

Fundi Pampu akainua mkono. Raha ilioje kuwa na jibu wakati wenzako wanahangaika.

— Nyote hamjui pampu. Pampu ikisukuma kidogo, fundi anaanza na nini? Anaijaza maji! Imevuta hewa, ndani kukavu, unaimiminia maji mpaka ishike. Mara ngapi mmeniona? Basi na mimi najijaza. Lita sita kwa siku! Na vile vidonge vya daktari, vya kukojoza, nimeviacha. Mimi najaza, vyenyewe vinamwaga, tutafika?

— Hapo umemweza daktari! Redio akapiga makofi, akamshikia dumu anywe tena.

Alikuwa katikati ya funda la tatu alipomwona mke wake akivuka barabara. Mama huyo hakuwahi kukanyaga kijiweni hata siku moja. Mkononi alishika pakiti ya vidonge aliyoikuta ndani ya sanduku la spana.

— Karibu, shemeji! Kahawa ipo, Breki alisema akimsogezea nafasi.

— Asanteni, sikai. Nina swali moja tu, na nyinyi wataalamu mnisaidie. Baba watoto, jana ulikunywa lita sita. Chooni ulikwenda mara mbili, na kidogo. Maji mengine yako wapi?

— Jasho, Redio alisema.

— Jana tulishinda na masweta, shemeji, mke akamjibu.

Fundi Pampu alipandisha suruali, akabonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alipokiondoa, shimo likabaki. Wote wanne waliinama kulitazama, wakingoja lijae, nalo likakaa pale pale. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia wateja kwamba pampu ikishindwa kusukuma, maji yanarundikana nyuma yake. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

— Na kifuani yamo, alisema polepole. Ndiyo maana nikilala nazama. Nimekuwa nikijizamisha mwenyewe, mke wangu. Kwa dumu.

Breki alikuwa ameshakimbilia pikapu yake aliyoiegesha kando ya barabara. Redio alimwaga dumu lote mtaroni bila kuambiwa, kisha akamshika Fundi mkono mmoja, mke akamshika wa pili.

— Daktari akiniuliza nitamwambia...

— Usiongee, mke alisema. Pumua tu.

Kutoka pale hadi kwenye gari zilikuwa hatua ishirini. Alipumzika mara tatu.