Mshale wa Kwale Ulioruka Ukuta

Benchi letu limeegemea karakana ya Seremala, na mwenye birika la kahawa hapo ni mimi, kwa hiyo kelele zote huishia masikioni mwangu. Siku hiyo vikombe vilipoa vikiwa vimejaa. Asubuhi yake Breki, dereva wa lori, alimlenga kwale kwenye kichaka cha nyuma. Kwale akajiendea zake. Mshale ukapita kichaka, ukaruka ukuta, ukamchana mkono Mama Mpishi, yule anayepika shuleni, akiwa uani kwake. Akashonwa nyuzi sita. Mshale wenyewe aliuchonga Seremala. Manyoya aliyabandika Pindo, fundi cherehani.

— Mimi nilichonga kichwa butu! Seremala alipiga benchi kiganja. — Butu kama kizibo! Mshale wa ndege unagonga, hauchomi. Nani alichomeka msumari?

— Mimi, akasema Breki. — Kizibo chako kingemtekenya tu.

— Na ukaunoa?

— Sasa msumari butu wa nini?

— We mtu una akili kweli?

— Usinipandishie sauti! Hata na msumari wangu, mshale ungeanguka palepale kichakani kama manyoya yangekuwa mapana. Manyoya mapana yanashika upepo, mshale unachoka mapema. Muulize huyu mwenye mkasi!

Pindo akaruka kama aliyekalia sindano.

— Nimeyapunguza, ndiyo! Yalikuwa yamefumka kama nywele za mtu aliyetoka kulala. Kazi ya ovyo haitoki mkononi mwangu.

— Nilikwambia uyaache!

— Ulinambia misumari imejaa mdomoni, Seremala. Nilisikia "mm-mm-mm". Ningejuaje?

— Ungeuliza!

— Nikuulize wewe? Ukiulizwa unafoka!

Breki akadakia. Maneno yalimtoka kama mzigo uliokatika kamba.

— Kosa ni ufito wa mshale wako, Seremala. Uliunyoosha kwenye makaa siku ile uliyogombana na shemeji. Nilikuwepo. Ufito unasikia, bwana. Ukaingia kisirani, ukatoka hapo unatafuta mwanamke wa kumuumiza.

— Rudia! Rudia hilo neno!

— Nyinyi wote hamjui, akasema Pindo. — Manyoya yale ni ya bata. Bata anatafuta nini? Maji. Na Mama Mpishi ana nini uani? Pipa la maji. Mshale ulikuwa unakwenda kunywa!

— Kumbe ulijua ni ya bata, ukayabandika!

— Uliniletea wewe!

Seremala alishamkamata Pindo ukosi. Breki akaingia katikati, si kuamua, bali kupata nafasi ya kumsukuma Seremala. Nikanyanyua birika lisimwagike.

Hapo ndipo akafika nesi wa zahanati, yule aliyeshona zile nyuzi. Hajawahi kukaa benchi letu. Akaomba kahawa, akanywa kidogo amesimama, akiwatazama.

— Ndiyo huo mshale wa Mama Mpishi mnaougombania?

— Ndiyo, dada, akasema Seremala, mkono bado uko ukosini. — Tuamulie wewe.

— Mimi sijui mishale. Nauliza tu: kati yenu, nani ameshakwenda kumpa pole?

Ukosi ukaachiwa. Breki akatazama viatu vyake. Nesi akamaliza kahawa yake, akanirudishia kikombe, akaenda.

Niliwaona uso mmoja mmoja ukishuka. Kisha Seremala akashika njia ya kwa Mama Mpishi, na wale wawili wakamfuata. Nami nikafuata, maana na mimi sikuwa nimekwenda.

Mama Mpishi alifungua mlango mkono umefungwa bendeji hadi kiwiko. Akazisikiliza pole zetu nne, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Hakutukaribisha kuketi.

— Huu ndio mkono ninaosongea ugali wa watoto mia mbili, akasema. Sauti haikupanda, na afadhali ingepanda. — Na nguo za wajukuu zimelala kwenye beseni tangu asubuhi. Mnanitazama nini?

Pindo akafua, akakamua. Seremala akaanika. Breki, mwili wote ule, akasimama juani na vibanio vya nguo mkononi, akitoa kimoja kimoja kila alipoamriwa.