Casque Nyeupe na Unga ya Batoto

Bamama, bababa ya hii kikundi yetu ya akiba, jina ya ule muntu sitataja. Iko na batoto, nabo hawakutukosea kitu.

Bwana yangu alitumika ku kampani tangu ujana. Mu camp, kule nyumba za kampani, ampoule ya taa ikikufa, kampani inabadirisha. Mulango ikivunjika, kampani. Lakini bwana akikufa, mujane anafunga mizigo, anaachia wengine nyumba. Tulijua bote, na hakuna mwenye alipenda kuisema.

Njo akakuya ule muntu, tulimuita citoyen, casque nyeupe ku kichwa, ile kofia ngumu ya bakubwa ba kazi. Akasema: «Bamama, ville imekufa. Magasins, maduka yote, imefungwa, nyumba za etage ziko tupu tangu benyewe baliondoka. Tutazijenga upya, na bantu ba camp batakaa mule.» Franga hakutaka. Alitaka posho, ule mufuko ya unga kampani inapatia kila familia mwisho wa mwezi. Asema ni ya kulisha bamaçons, mafundi ba kujenga.

Bandugu yangu, nabaambia: mu camp, casque nyeupe njo chef, na chef hatumuulizake kitu. Hata bwana yangu, muntu ya kichwa nguvu, alivua kofia yake. Kila mwezi tukatoa nusu ya mufuko. Batoto bakakula bukari, ugali yetu, mara moja kwa siku. Wa mwisho alikuwa anaanza tu kutembea. Akililia chakula, namuambia: «Nyamaza, unajenga nyumba.»

Musicheke.

Bwana akakufa na ugonjwa ya kifua. Matanga ikaisha, kampani ikaomba nyumba yake. Nikapakia bintu ku pousse-pousse, mukokoteni ya kusukuma, nikaenda ville bila wasiwasi. Nikakuta kuta, na mbingu juu. Fundi mumoja tu alibakia, anaokota misumari. Nikauliza: «Unga yetu?»

«Mama, ile unga sikuionja. Citoyen aliiuzisha kule Kakanda. Kampani haimujui. Ile casque alinunua ku soko.»

Nilikaa mu vumbi, nikatukana. Hata Mungu nilimutukana.

Mama mumoja ya Kapolowe, muuza mboga ya lengalenga pale njiani, akaacha kitunga yake akakuya. «Weye unalia nini? Kuta iko. Mwenye iko na kuta hatafutake tena nyumba, anatafuta majani.» Tukaezeka chumba kimoja na majani, mu katikati ya ville! Kisha bajane bengine, benye balitoa unga kama miye, bakafika, mumoja-mumoja. Siku ya Salongo, kazi ya lazima ya serikali, wakati bote banafagia avenue bure juu ya bakubwa, siye tulipandisha mabati.

Chef ya quartier, mukubwa ya mutaa, akakuya na hasira kutufukuza. Mu takataka nilikuwa nimeokota casque ya ule mwizi. Nikaivaa. Chef akaniangalia, akasema «Bonjour, chef,» akaenda zake. Hakuna mwenye alitufukuza tena.

Aksanti kwa mama ya Kapolowe. Aksanti kwa ule fundi, alitupigilia mabati bila mushahara. Na nabaomba: muntu akikuya na casque, mumuulize nani alimuvalisha. Ile casque yangu njo tunapimia unga ya bajane hapa.

Nyumba niliipata, ndiyo. Lakini ule mutoto ya mwisho iko kijana sasa, na barika yake bote bamemupita mabega. Mulango yetu iko fupi, mbao zilikosekana. Bakubwa yake banainama. Yeye anapita wima, anacheka, asema baliijenga kwa kipimo yake.

Minye sichekake.