Kilo Sabini za Mgeni Rasmi

Mgeni rasmi, walimu wetu, na Mama Justa uliyetuazima kile kiti imara: shikamooni.

KARIBU TENA
Tumefurahi umerudi Mirongo. Wengi tulidhani baada ya Machi hutakanyaga tena karakana hii, wala kitu chochote tutakachotengeneza.

TULIKOTOKA
Darasa lilianza mwaka 1996, kwa kompyuta moja iliyokuja imetumika. Tunajifunza kupima kwa hesabu kipande cha vijiti vya chuma vilivyosukwa kama wavu, ambacho siku moja kitaziba pengo la mfupa uliosagika. Kompyuta hukikandamiza kabla hatujakichomelea, ikatuonyesha kijiti kitakachopinda kwanza. Hakuna mgonjwa aliyewekewa bado.

YALIYOTUPATA
Ndugu Ng'washi, anayekusomea risala hii, ndiye aliyeingiza uzito wako kwenye kompyuta mwezi Machi, ulipokuja kukijaribu kipande chetu. Tumemchagua asome ili aibu aione mwenyewe. Alishakuona kwenye mkutano wa Nyegezi, na macho yake ni mazima. Lakini mtu mzima haulizwi kilo zake, akawaza, akaandika sabini. Kwa heshima.

Kompyuta ikaamini. Tukachomelea vijiti vyembamba vya kutosha kilo sabini, tukaweka ubao juu, wewe ukapanda, kipande kikalala. Ulipoinuka ukauliza, "Na huyo mgonjwa wenu sasa angekuwa wapi?" Ng'washi hakula siku ile. Siku hizi anauliza kila mtu kilo zake, hata mama mkwe wake.

MATATIZO
Hesabu moja huchukua kutwa nzima. Umeme ukikatika, tunaanza upya. Tena tumesikia barua ya kulifunga darasa iko mezani kwako, na kompyuta itahamia ofisini kuandikia barua nyingine. Jambo hili limetuumiza sana.

OMBI
Ni moja tu: panda tena. Kipande kipya hicho hapo mbele yako. Tulitaka kuazima mizani kwa hawa wanunuzi wapya wa pamba, lakini wakulima wanajua inavyopunguza kilo. Tungerudi kwenye sabini.

Kikilala, Ng'washi ataibeba kompyuta mwenyewe hadi ofisini kwako. Kikisimama, tunaomba ile barua uichane.

Safari hii, bila heshima yoyote, ameandika kilo mia na kumi na mbili. Kama amezidisha, msamehe. Kama amepunguza, tafadhali sema kabla hujapanda.

Mungu akulinde, magoti yakiwemo.

Ni sisi,
Darasa la Hesabu za Mifupa,
Mirongo, Mwanza, Septemba 1997