Persis Mong'ina na Madaftari ya Waliozaliwa

Mchungaji, wazee wetu, jamaa na majirani mlioacha kazi zenu kufika hapa Keumbu leo Ijumaa, tarehe 12 Agosti 1977, mimi ni Ombati Machogu, na wenzangu wa nyumba hii wamenituma niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, Persis Mong'ina.

Alizaliwa mwaka wa 1931, kifungua mimba wa marehemu mzee Machogu na marehemu mama Abigael, siku wala mwezi hatujui kwa kuwa hakuna aliyeandika, mama alikumbuka tu kwamba nzige walikuwa wamemaliza wimbi shambani. Alisoma katika shule ya misheni tangu 1940 hadi 1947, akasifiwa kwa mwandiko wake, na mwezi wa Desemba 1952 akaolewa kanisani na bwana Nyangate, wakajaliwa mtoto mmoja, mvulana, aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1954 katika hospitali moja ya misheni upande wa Nyamira na kuishi siku mbili. Mwaka uliofuata bwana Nyangate alikwenda Mombasa kutafuta kazi, zikaja barua mbili, kisha zikakoma, na mama mkwe wa Persis, mama Bathsheba, akamwambia arudi kwao, naye akarudi na sanduku moja.

Tarehe 1 Juni 1956 aliajiriwa kuwa karani wa masijala katika hospitali hiyo hiyo, akipewa chumba kimoja nyuma ya stoo, na hapo ndipo alipoishi hadi mwisho. Pasaka ya 1967, ofisi ikiwa imefungwa, mvua ya mawe ilitoboa paa la stoo, na kabla mtu hajajua, madaftari ya uzazi ya miaka kumi yalikuwa yamelowa na mchwa wameyaingia. Daktari mkuu aliagiza yachomwe, lakini Persis alisimama mlangoni akamwambia, "Daktari, hawa ni watu," na daktari akakubali, kwa sharti kwamba jina lisilosomeka litaandikwa upya iwapo tu mama mzazi, pamoja na mtu mwingine aliyekuwapo siku ya kuzaliwa, watatia kidole gumba.

Alizitenganisha karatasi kwa kisu chembamba, akazianika juani juu ya shuka, na zile ambazo wino ulikuwa umefutika akazipaka vumbi la penseli hadi alama ya kalamu ikaonekana, ila majina mia tisa hayakusomeka hata hivyo, na hayo akaanza kuyafuata kwa miguu, kila Jumapili, kwa miaka tisa. Hapa sokoni Keumbu alimpata mama Esnah, ambaye mwanawe alikuwa amekataliwa chuoni kwa kukosa cheti cha kuzaliwa, akamwuliza alijifungua lini, mama Esnah akasema, "Ni ile siku maji yalibeba daraja," na Persis akamwuliza, "Daraja gani, mama?" kisha akaenda kutafuta tarehe ya daraja hilo kwa watu wa idara ya barabara, na kijana huyo leo ni mwalimu.

Wengi wenu alikaa mlangoni mwenu, mkamjibu, akaenda zake, hata mimi nilikuwa nikimwona akipita peke yake na mfuko wake wa karatasi, nikampungia mkono nikiwa shambani, wala sikumwuliza hata siku moja habari za mtoto wake mwenyewe. Ukurasa wa Machi 1954, wenye jina la mtoto huyo, uliliwa na mchwa, na aliyekuwapo siku ile ni mama Bathsheba, basi Persis alikwenda Nyansiongo mara tatu, kwenye shamba jipya la wakwe zake, na mara zote aliambiwa langoni, "Hapa huna bwana, huna mtoto, unatafuta nini?"

Mwezi wa Januari 1976 alipatikana na uvimbe tumboni, na mwezi wa Juni mwaka huu, akiwa kitandani, ndipo aliponieleza hayo yote. Nilifika Nyansiongo Alhamisi tarehe 4 Agosti, nikamwuliza mama Bathsheba, ambaye sasa haoni vizuri, habari za mtoto yule, naye akasema, "Nilimshika mimi. Tulimwita Josiah." Nikarudi mbio kumpa dada habari hiyo, akaisikiliza yote, akaniuliza, "Ametia kidole?" na nilipomwambia sikukumbuka kumwomba, akasema, "Basi bado," akageukia ukutani. Alifariki Jumanne tarehe 9, saa nne asubuhi, mimi nikichuma chai, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa karibu naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi, na bwana Mogire, karani mwenzake, ambaye asubuhi ya leo amelifungua daftari lililoandikwa upya mbele yetu, tukakuta jina la mtoto limeandikwa kwa mwandiko wa dada, na kidole gumba cha dada kimetiwa tangu mwaka wa 1968, nafasi ya pili ikiwa wazi. Tunamshukuru pia mama Bathsheba, aliyetoka Nyansiongo alfajiri, akaomba ashikwe mkono, na kutia kidole chake mahali pale.

Marehemu ametanguliwa na mwanawe, Josiah Nyangate.

Lala kwa amani, Mama Josiah.