Mwalimu Nne na Kidogo

Mchungaji wetu, ndugu, jamaa na majirani wa Buzebazeba, kwa niaba ya familia, mimi Kudra, binti yake mkubwa, nawasomea maisha ya baba yetu, Mwalimu Elinipa Mbwambo, ambaye nusu yenu hapa mnamjua kwa jina la Nne na Kidogo, na leo mtajua lilikotoka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1964, Usangi, mkoani Kilimanjaro, mtoto wa tatu wa Mzee Nikodemu, akasoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1972 hadi 1978, akamaliza sekondari 1982, akahitimu ualimu wa fizikia 1987, na Januari 1988 akapangiwa kufundisha hapa Kigoma, alikokuja kwa miaka miwili tu, akaonja mgebuka, samaki wa ziwa letu, habari za kurudi Upareni zikaishia hapo.

Darasani alipenda mada moja kuliko zote, kubadili vipimo vya nishati, akisema nishati ni ileile, kinachobadilika ni kibaba cha kupimia, na kwamba kalori moja ni juli nne na kidogo.

Desemba 1996, shule zikiwa zimefungwa na wakimbizi wakishushwa ufukweni kwa maboti, alijitolea kupima maziwa ya watoto waliodhoofu katika kituo kimoja kando ya ziwa, akakuta mwongozo unataka mtoto mdogo apate mia nne na ishirini kwa siku, na kopo linasema kikombe kimoja kina mia nne na ishirini, akafurahi jinsi namba zilivyopatana, akaagiza kikombe kimoja, bila kuona kwamba mwongozo ulihesabu kwa kilokalori na kopo kwa kilojuli, yaani mwalimu mzima wa vipimo aliwapa watoto chakula kisichofika hata robo ya haki yao.

Muuguzi Melania, mwenyeji wa Bukoba, ndiye aliyemshika mkono akamwonyesha mtoto wa mkeka wa karibu na mlango, akamwambia huyu ameacha kulia tangu jana, na mtoto wa hivi akinyamaza ujue hajashiba, baba akalisoma kopo upya, akakaa chini, akalia mbele za watu, kisha akainuka akatangaza vikombe vinne na kidogo, vigawanywe mpaka jioni. Mungu alitusitiri, hakuna aliyetutoka kwa kosa lile, lakini yeye hakujisitiri, kila mwaka aliwasimulia wanafunzi wapya, ndiyo maana jibu lisiloandikwa kipimo alilipatia sifuri hata kama namba ilikuwa sahihi, na mliopata sifuri hizo mnajijua.

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na Melania hapa mjini, wakajaliwa Bariki, Diana, Julius na Marcelina, lakini akiulizwa ana watoto wangapi alijibu wanne na kidogo, ingawa huyo kidogo ndiye mkubwa kuliko wote, kwa kuwa mtoto wa mkeka wa mlangoni, ambaye mama yake alifia njiani karibu na Kagunga, ndiye mimi ninayewasomea.

Agosti 2024, miezi mitatu baada ya kustaafu, aligundulika kuwa na saratani ya koo, akatibiwa kwa kila njia, lakini kumeza kukazidi kuwa shida, nami nikawa namlisha maziwa, tukibishana kalori na juli kama wachuuzi wa dagaa, mpaka wiki ya mwisho alipoacha kubisha, nikaogopa, maana nilifundishwa maana ya kunyamaza. Asubuhi ya tarehe 18 Februari 2025 nilimpelekea kikombe, akakisukuma taratibu kunirudishia, akaashiria ninywe mimi, nikanywa huku akinitazama mpaka kikaisha, naye akafumba macho, ikiwa saa nne na kidogo, na asidhani mtu natania, muuguzi aliyekuwa akimhudumia ndiye aliyeangalia saa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na ninyi majirani mliopika tangu juzi, murakoze, asanteni sana. Chakula kitakuwa tayari tukitoka makaburini, na kwa ombi la mama, watoto waanze, na anayenyamaza aongezwe.

Baba, mimi nimeshiba. Pumzika kwa amani.