Dhahabu ya Bi Eulogia

Gari la kebo lilikuwa likishuka kutoka El Alto, mji ulio juu mlimani, jirani yangu Bi Eulogia alipotema damu kwenye leso.

"Pole, dada," akasema mwanamke aliyekaa mbele yake, hata hawajuani. "Fizi hizo zinataka mswaki, asubuhi na usiku."

"Mswaki uje unikwangulie dhahabu?" Akakenua meno manne aliyoyavika dhahabu. "Dhahabu haiozi!"

"Haiozi, sawa. Lakini imeshikwa na ufizi, na ufizi ni nyama."

"Wivu huo. Wewe unayo mangapi?"

"Ya dhahabu sina. Ila yangu yote yapo."

Kwetu dhahabu mdomoni ndiyo fahari, kwa hiyo hilo ni tusi. Bi Eulogia akatoa mkate mgumu mfukoni, akaung'ata kwa hasira.

Tulipofika kituoni, jino moja la dhahabu lilikuwa limebaki kwenye mkate. Akalifuta kwa sketi, akamwinulia yule mwanamke usoni.

"Haya, sema. Limeoza hili?"